Picha na Jina: Jinsi ya Kutambua Vichaka vya Mapambo na Konifa za Bustani

0. Utangulizi

Mwanafunzi wa isimu anayetumwa kukusanya msamiati wa mimea mjini Lubumbashi hurudi mara nyingi na bahasha ya picha, na nyuma ya kila picha ameandika jina alilopewa na mwenye nyumba. Picha tatu zinaweza kubeba jina moja, sapini, ilhali zinaonyesha miti mitatu isiyo na udugu wa karibu. Picha nyingine mbili zinaweza kubeba jina lorie, moja ikiwa ni ya jani linalotiwa katika mchuzi, na ya pili ya mmea unaoweza kumwua anayeula.

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kutambua, kwa kutumia picha, vichaka vya mapambo na miti ya jamii ya konifa ipandwayo katika bustani, na namna ya kuandika jina la mmea bila kumpotosha msomaji. Shabaha yake ni mbili. Kwanza, kumsaidia mkusanyaji wa msamiati ambaye hakusomea botania. Pili, kuonyesha kwamba kosa la jina, katika jambo hili, halibaki katika kamusi; hushuka hadi jikoni na hadi katika kiwanja wanapochezea watoto.

1. Kwa nini vichaka vya bustani havina majina imara

Kiswahili kina hazina kubwa ya majina ya miti, na majina hayo yana mpango wake. Mara nyingi jina la mti hujengwa juu ya jina la kile kinachochumwa: chungwa hutoa mchungwa, embe hutoa mwembe, nazi hutoa mnazi. Hata maua yanayothaminiwa kwa harufu yamefuata njia hiyo. Pwani kuna asumini na mwasumini, langilangi na mlangilangi, kadi na mkadi. Kinachochumwa ndicho kinachoita, na mti hufuata.

Vichaka vya mapambo haviingii kwa urahisi katika mpango huo. Vingi vililetwa kutoka nchi za mbali katika nyakati za ukoloni, vikapandwa mbele ya nyumba za maofisa, za misheni na za makampuni, na hapana mtu aliyechuma kitu juu yake isipokuwa uzuri wa kutazamwa. Kwa sababu hiyo majina yake yalipokewa kutoka katika lugha ya mwenye bustani. Nchini Kongo lugha hiyo ilikuwa Kifaransa. Neno moja la Kifaransa la kila siku likatosha kutaja mimea mingi, kwa kuwa haikuwapo haja ya kuibagua. Haja hiyo huzuka siku mtu anapotaka kuandika kamusi, au siku mtoto anapokula jani.

2. Kinachoonekana katika picha na kisichoonekana

Picha huhifadhi umbo, rangi na mpangilio. Haihifadhi harufu, ladha, utomvu, ugumu wala namna tawi linavyovunjika. Tena haihifadhi ukubwa, isipokuwa pana kitu kinachojulikana kimewekwa kando ya mmea. Sehemu kubwa ya maarifa ambayo mtunza bustani hutumia bila kufikiri, kama vile kusugua jani na kulinusa au kukata ncha ya tawi na kutazama kama linatoa maziwa, haimo katika picha hata kidogo.

Katika vile vinavyoonekana, si vyote vyenye uzito sawa. Rangi ya ua ndiyo huvuta jicho kwanza, nayo ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote. Wafugaji wa maua wamezalisha kutoka katika kichaka kimoja aina nyeupe, nyekundu, za njano, za maua mafungu, na hata za majani yenye madoa. Mpangilio wa majani juu ya tawi, kinyume chake, haubadiliki kwa urahisi. Anayetambua mmea kwa picha na aulize kwanza: je, majani yanatoka moja moja kwa kupishana? Je, yanatoka mawili mawili kwa kukabiliana? Au yanatoka matatu na zaidi kutoka fundo moja, mfano wa mzingo? Swali hilo moja hupunguza orodha ya mashaka kuliko rangi zote za bustani.

3. Vichaka vya mapambo

3.1. Lorie mbili

Kwa Kifaransa neno linalotamkwa lorie hutaja mimea kadhaa. Mmoja ni Laurus nobilis, mti wa nchi za Mediterania ambao majani yake makavu huuzwa madukani na kutiwa katika nyama na mchuzi. Mwingine ni Nerium oleander, kichaka kizuri chenye maua ya waridi, meupe au mekundu, kipandwacho kando ya barabara na mbele ya nyumba katika nchi nyingi za joto. Wafaransa wenyewe huutofautisha huu wa pili kwa kuongeza neno waridi, lakini katika mazungumzo ya haraka neno la pili huanguka, na jina fupi hubaki peke yake.

Sehemu zote za Nerium zina sumu inayoshika moyo: majani, maua, ganda la tawi, na hata kijiti kilichokauka. Kukausha jani hakuondoi sumu hiyo. Kwa hiyo mtu anayeambiwa kuwa mbele ya nyumba pana lorie, naye akachuma majani ili atie katika chungu, ametendewa ubaya na neno.

Picha inaweza kusaidia hapa, mradi ionyeshe tawi wala si ua pekee. Majani ya Nerium kwa kawaida hutoka matatu matatu kutoka fundo moja. Ni marefu na membamba mfano wa mkuki, na vishipa vyake vya pembeni ni vingi, vimekaribiana na kwenda sambamba. Majani ya Laurus hutoka moja moja kwa kupishana, ni mapana zaidi kwa kulinganisha na urefu wake, na ukingo wake mara nyingi hupinda-pinda kama wimbi. Ushahidi wa mwisho, yaani harufu tamu ya kiungo inayotoka jani la Laurus linaposuguliwa, haumo katika picha. Basi picha ya jani moja lililokwisha kuchumwa haitoshi kumruhusu mtu kulila. Katika jambo la chakula, shaka ndogo ni sababu tosha ya kuacha.

3.2. Kengele za njano

Jamaa ya Nerium ina vichaka viwili vyenye maua ya njano mfano wa tarumbeta, navyo huchanganywa mara kwa mara. Cha kwanza ni Allamanda cathartica, kinachopenda kupanda na kutambaa juu ya ukuta. Cha pili ni Cascabela thevetia, ambacho vitabu vingi vya zamani hukiita Thevetia peruviana. Vyote viwili asili yake ni Amerika ya kitropiki, na vyote viwili hutoa utomvu mweupe kama maziwa.

Katika picha, ua la Allamanda hufunguka wazi na petali zake ni pana na za mviringo. Ua la Cascabela ni kama kengele iliyofumbuka nusu, petali zake zikiwa zimejiviringisha upande mmoja. Majani ya Allamanda ni mapana, nayo hutoka matatu au manne kwa mzingo. Ya Cascabela ni membamba sana, yamepishana na kusongamana kuelekea ncha ya tawi. Pakiwapo tunda, shaka huisha: la Allamanda ni kama mpira mdogo wenye miiba, na la Cascabela ni la nyama, lenye pembe, la kijani na baadaye jeusi, na ndani yake mna kokwa gumu. Tofauti hiyo haina budi kushikwa vema, kwa maana mbegu za Cascabela zina sumu ya moyo inayofanana na ile ya Nerium, na tunda lake huvutia mikono ya watoto.

3.3. Bugenvilia, lantana na duranta

Bugenvilia haina haja ya maelezo marefu, lakini inafundisha jambo moja. Kile ambacho watu wengi hukiita ua lake ni majani matatu yaliyogeuka rangi. Maua yenyewe ni vijibomba vidogo vyeupe vilivyosimama katikati ya majani hayo. Mmea huu ulikusanywa karibu na Rio de Janeiro mwaka 1767 katika safari ya baharia Mfaransa Bougainville, ambaye jina lake limebaki juu yake. Miiba iliyo kwenye kikwapa cha jani huutambulisha hata wakati usio wa maua.

Lantana camara hujulikana kwa kichwa chake cha maua madogo yenye rangi zaidi ya moja kwa wakati mmoja, kwa sababu maua hubadilika rangi kadiri yanavyozeeka. Majani yake yamekabiliana, yana mparuzo, na tawi lake lina pembe nne na mara nyingi miiba midogo. Harufu yake kali haionekani. Kichaka hiki kilitoka bustanini kikaingia mashambani na malishoni katika nchi nyingi za Afrika, na majani yake hudhuru ng'ombe na mbuzi wanaoyala.

Duranta erecta hutumiwa sana kama ua wa miti. Ikikatwa mara kwa mara haitoi maua, na ndipo picha yake inapowashinda wengi. Ikiachwa huru hutoa vishada vya maua ya samawati na baadaye matunda madogo ya njano yanayoning'inia kama shanga. Matunda hayo yana sumu, nayo yamekwisha kudhuru watoto walioyala. Kwa hiyo mtu anayetambua ua wa miti uliokatwa asiishie kwenye picha ya ukuta wa kijani. Na atafute tawi moja lililosahauliwa na mkasi.

4. Konifa na zinazofanana nazo

4.1. Jina sapini

Konifa ni miti isiyotoa maua ya kawaida. Mbegu zake hazifungwi ndani ya tunda, na katika nyingi kati ya hizo mbegu hukaa kati ya magamba ya koni. Mjini Lubumbashi, kama katika miji mingi ya nchi zinazotumia Kifaransa, miti hiyo yote huitwa sapini, hasa inapokaribia sikukuu ya Noeli. Hata hivyo mti ambao wataalamu Wafaransa huuita kwa jina hilo ni wa jenasi Abies. Katika bara la Afrika jenasi hiyo huota kwa asili upande wa kaskazini tu, katika milima ya Moroko na Aljeria. Anayeona sapini katika bustani ya Katanga, kwa hakika anaona mti mwingine.

Kiswahili cha vitabu kina msonobari, mwerezi na mberoshi. Mawili ya mwisho yamejulikana zaidi kwa njia ya Biblia, ambamo yanataja miti ya Lebanoni na nchi jirani. Kuyabandika juu ya kila mti wenye majani membamba ni kurudia kosa lile lile la sapini kwa maneno ya heshima zaidi.

4.2. Alama za kutazamwa

Jambo la kwanza ni jani. Katika misonobari, yaani jenasi Pinus, majani ni sindano ndefu zilizofungwa pamoja kwa vifungu. Katika aina zipandwazo sana Afrika, kama Pinus patula, kifungu kwa kawaida huwa na sindano tatu. Katika jamii ya Cupressus majani ni magamba madogo yaliyolala juu ya kijitawi kama vigae vya paa. Katika Araucaria matawi hupangwa kwa daraja kuuzunguka mti, na majani yaliyopindika hukifunika kitawi pande zote hata kikaonekana kama kamba.

Jambo la pili ni koni. Cupressus lusitanica, mti wa Meksiko na Amerika ya Kati uliopandwa kwa wingi katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki na ya Kati, una koni ndogo za mviringo zenye vumbi la samawati zikiwa changa. Platycladus orientalis, uliotoka China, ambao katika bustani bado huitwa kwa jina lake la zamani la tuya, una matawi bapa yaliyosimama wima kama kurasa za kitabu, na magamba ya koni yake yana kulabu. Picha ya tawi bapa na ya koni yenye kulabu hutosha kuutenga na Cupressus.

Pana hatari moja. Konifa nyingi zenye magamba huwa na majani ya sindano zikiwa changa, na baadhi ya aina fupi za bustani hubaki na majani hayo ya utoto maisha yao yote. Picha ya mche katika kitalu, kwa hiyo, haiwezi kusomwa kwa kanuni za mti mzima.

Araucaria zinatoa alama isiyo ya kawaida. Aina mbili za visiwa vya Pasifiki, Araucaria heterophylla na Araucaria columnaris, huchanganywa karibu kila mahali. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba Araucaria columnaris hupenda kuinama kuelekea Ikweta: iliyo kusini mwa dunia huinama kaskazini, na iliyo kaskazini huinama kusini. Lubumbashi ikiwa zaidi ya nyuzi 11 kusini mwa Ikweta, mti ulioinama wazi kuelekea kaskazini unastahili kushukiwa kuwa columnaris. Lakini picha haitasema kaskazini ni wapi, endapo aliyeipiga hakuandika.

4.3. Wasio ndugu na ndugu waliofichika

Mvinje, yaani Casuarina equisetifolia, unaojulikana sana pwani ya Afrika ya Mashariki, huhesabiwa na wengi kuwa konifa kwa sababu ya sindano zake na vitunda vyake vinavyofanana na koni. Kumbe ni mti wa maua. Zile sindano ni vijitawi vya kijani vyenye mafundo, na majani yenyewe ni meno madogo mno yanayozunguka kila fundo. Ukivuta kijitawi hicho, huachana kwenye fundo. Picha iliyopigwa kwa karibu huonyesha mafundo hayo; picha ya mti mzima huyaficha.

Kwa upande mwingine, Podocarpus wa misitu ya milima ya Kivu, kama ile ya Kahuzi, ni konifa halisi ingawa haufanani na konifa. Majani yake ni bapa na marefu, na mbegu yake haikai katika koni ngumu ya mti. Mtazamaji anayefuata sura ya jumla atauingiza mvinje katika jamii usiyo yake, na kumtoa Podocarpus katika jamii yake.

Kundi la tatu ni la sikadi, kama Cycas revoluta wa bustani, ambazo huonekana kama mitende mifupi. Nazo si mitende wala konifa, ijapokuwa hutoa koni. Mbegu zake pia zina sumu.

5. Kupiga picha kwa ajili ya kutambua

Kutokana na yaliyotangulia, mmea mmoja wahitaji picha kadhaa: mmea mzima, ukiwa na mtu au fimbo ya kipimo kando yake, tawi linaloonyesha namna majani yalivyoshikana nalo, jani upande wa juu na wa chini, ua kwa mbele na kwa ubavu, tunda au koni, na ganda la shina. Kivuli chepesi cha asubuhi ni bora kuliko jua la adhuhuri, linalofuta rangi na kuongeza weusi.

Pamoja na picha na ziandikwe zile habari ambazo picha haina: mahali, tarehe, upande wa dira, harufu ya jani lililosuguliwa, kuwapo au kutokuwapo kwa utomvu na rangi yake. Anayekata tawi aoshe mikono, wala asionje kitu chochote kwa nia ya kutambua.

Siku hizi zipo programu za simu, kama Pl@ntNet, ambazo hulinganisha picha na hazina kubwa ya picha nyingine na kutoa orodha ya majina pamoja na asilimia. Ni msaada mkubwa, hasa pasipo na mtaalamu. Hata hivyo asilimia hiyo hupima mfanano wa picha na picha. Haikunusa jani, wala haikuona maziwa. Orodha ya programu ni mwanzo wa uchunguzi, na jina la kwanza katika orodha si hukumu.

6. Kuandika jina

Wanakamusi wa Kiswahili wanaye mtangulizi wa kuigwa. Padre Charles Sacleux, ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa ilichapishwa Paris kuanzia mwaka 1939, alikusanya mimea yenyewe pamoja na majina yake alipoishi Zanzibar na pwani, na jenasi moja ya mimea, Sacleuxia, inabeba jina lake. Mmea uliokaushwa na kuhifadhiwa unaweza kuchunguzwa tena na mwingine, hata baada ya miaka mia. Picha ni badala dhaifu, lakini ikipigwa vema nayo inaweza kurudiwa.

Kanuni inayotokana na hayo ni nyepesi kutamka: jina lisiwe jembamba kuliko ushahidi. Picha ikionyesha sindano tatu katika kifungu kimoja, na iandikwe Pinus, bila kutaja aina. Ikionyesha mti wa pembetatu kwa mbali, na iandikwe mti wa sura ya konifa, basi. Jina alilotoa mwenye nyumba liandikwe kama alivyolitamka, kwa maana ni ukweli wa lugha, hata kama si ukweli wa botania. Sapini ni neno halali la Kiswahili cha Lubumbashi; maana yake ni mti wa kijani wa sura ya Noeli. Kosa huingia pale kamusi inapolipa maana ya Abies.

Kwa neno lorie, maana mbili ziandikwe kwa namba mbili tofauti, na mbele ya ile ya pili liwekwe neno sumu.

7. Hitimisho

Picha ya mmea ni ushahidi, na kama ushahidi wowote ina mipaka. Huonyesha mpangilio wa majani, sura ya ua, tunda na koni; hunyamaza kuhusu harufu, utomvu na ukubwa. Mkusanyaji wa msamiati anayeijua mipaka hiyo ataweza kuyatumia majina ya wenyeji bila kuyasingizia maana ambayo hayana.

Ikitokea kwamba mtu, hasa mtoto, amekula sehemu ya kichaka cha bustani na mmea wenyewe haujulikani, asingojewe mwenye kuutambua. Na apelekwe hospitali mara moja, na tawi lenye majani, ua na tunda lifungwe katika karatasi na kupelekwa pamoja naye. Jina litatafutwa huko, kwa tawi lililo mkononi.